Nyuso Alizoziona Ulimbo

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na pengine hata mkewe alikuwa akilisahau. Sisi tuliofanya kazi naye jengo moja tulimwita Ulimbo, kwa sababu uso wa mtu ukishaingia kwenye kompyuta yake ulinata na kuvutika kokote alikotaka. Mimi nilikuwa chumba cha pili, najalidi vitabu vya maofisi, na kilichotutenganisha kilikuwa ukuta wa mbao nyembamba. Akicheka nilisikia, akiguna nilisikia. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe, na yaliyobaki nilielezwa na mkewe, ambaye si mtu wa kutia chumvi.

Duka lao lilichapa mabango, fulana, vikombe na kadi. Wenzake walikata, walibandika, walipanga maandishi. Ulimbo alikuwa mpindaji. Ukileta nembo ya shule iliyonyooka kama rula, ni yeye aliyeipinda ikalifuata tumbo la kikombe. Ukileta picha ya ghorofa iliyopigwa kutoka chini, jengo limeegemea nyuma kama mlevi, aliitandazia wavu wa mistari kwenye skrini, akashika fundo hili akalivuta, akashika lile akalisukuma, mpaka nguzo zikasimama wima na madirisha yakakaa sawa. Lakini sifa zake hasa zilitokana na nyuso. Alikuwa na brashi ya kusukuma, ya kuvimbisha, ya kufinya na ya kusokota, na kwa hizo aliwapunguzia mabibi harusi kidevu cha pili na kuwainulia mabwana harusi mabega.

“Siri ni brashi kubwa na mkono mwepesi,” aliniambia siku moja nilipokuwa nimesimama nyuma yake na chai yangu. “Brashi ndogo inaacha mawimbi. Halafu usisahau kilichoko nyuma ya mtu. Ukikata kiuno, na fremu ya mlango inapinda. Watu hawakamatwi na kiuno, ndugu yangu. Wanakamatwa na mlango.”

Na alikuwa mtu wa mizaha. Kila aliyetimiza mwaka pale jengoni alipewa kadi yenye sura yake iliyoharibiwa: bosi akiwa na kichwa kama chungu, mlinzi akiwa na pua inayofika kifuani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ndiyo maana yalipomfika yaliyomfika, ilichukua muda mtu yeyote kumwamini.

Ilianza Jumatatu, asubuhi ya kawaida kabisa. Aliingia, akamkuta dada wa mapokezi ameinama anafungua droo. Dada akainua uso.

“Habari za asubuhi, kaka.”

Pembe za macho yake zilikuwa zimevutwa nyuma mpaka karibu na masikio. Mdomo ulikuwa umefika kwenye taya pande zote mbili. Paji la uso lilikuwa na mifereji mitatu, mirefu, kama iliyochorwa na kidole kwenye udongo mbichi. Masikio yalikuwa yamechongoka juu.

Ulimbo akacheka. “Haya, umeniweza. Acha sasa.”

“Niache nini?”

Na ule mdomo ukatembea pamoja na maneno, ukafunguka kutoka taya hadi taya. Akageuka. Kwenye benchi alikaa mleta barua, mzee aliyemjua miaka, na uso wake nao ulikuwa umevutwa vilevile. Bosi akatoka ofisini akiwa na karatasi mkononi. Naye vilevile.

Aliniambia baadaye kwamba woga haukumjia mwanzo. Kilichomjia mwanzo ni utambuzi. Aliijua kazi ile. Ilikuwa brashi ya kusukuma, kubwa, nguvu karibu ya mwisho, mivuto miwili kila upande. Angeweza kuifanya kwa nusu dakika. Tofauti ni kwamba picha haipumui, na nyuso hizi zilikuwa zikipumua, zikipepesa macho, zikimuuliza kama amelala vizuri.

Akakimbilia chumbani kwake, akawasha kompyuta. Picha za harusi alizoziacha Ijumaa zikafunguka, na nyuso zote zilikuwa nyoofu, nzuri, za watu. Akazikuza moja moja. Hakuna hata moja iliyovutika. Akashusha pumzi, akajiambia ni uchovu.

Hapo ndipo mimi nilipoingia kuazima mkasi. Nakumbuka aliniangalia usoni, kisha haraka akashusha macho kwenye viatu vyangu, na akavijibu viatu: “Uko pale juu ya kabati.” Nilidhani ana deni la usingizi.

Jioni alitembea kwenda nyumbani. Ni mwendo wa nusu saa, kupitia mtaa wa maduka, na saa ile watu wote wako nje. Alisema kilichomtisha si kwamba hakuwajua watu. Aliwajua! Muuza magazeti alikuwa muuza magazeti, mwenye duka la dawa alikuwa yuleyule. Lakini kila mmoja alikuwa kama amevaa sura yake mwenyewe iliyonyongwa. Mama mmoja alipita na mtoto mchanga mgongoni, na mtoto akamgeukia Ulimbo, akamtabasamia kwa mdomo ule mrefu usio na jino. Kuanzia hapo akatembea akiangalia chini. Ndani ya wiki mbili alikuwa ameshajifunza kuwatambua watu kwa viatu na kwa sauti, kama fundi viatu aliyepofuka.

Nyumbani kulikuwa na mkewe, mshonaji wa sare za shule, na binti yao wa miaka tisa waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mkewe alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha. Akageuka kumpokea.

Sitaki kuieleza sura aliyoiona, ilikuwa ileile. Nitasema tu kwamba mama huyu ana kidoti cheusi chini ya mdomo, kidoti ambacho Ulimbo alikipenda kabla hajampenda mwenyewe, na siku ile kidoti kilikuwa kimevutwa kikawa mstari.

“Mbona umeganda mlangoni?” mkewe akauliza. “Umeona shetani?”

“Nimechoka tu, Mama Chiriku.”

Kwa wiki sita hakusema kitu kingine. Alikula akiangalia sahani. Chiriku alipomsimulia mambo ya shule, alimjibu akiangalia begi lake. Asubuhi, kabla ya kutoka, alimbusu mkewe akiwa amefumba macho. Ndevu alizinyoa kwa kupapasa, maana kioo nacho hakikumhurumia.

Palipobaki pa kupumzikia ni kwenye skrini. Alianza kuja kazini mapema, na mchana alikula mezani kwake, mbele ya picha za watu asiowajua. Mimi nilimsikia kupitia ukuta akizisalimia. Sikuelewa. Siku moja bibi harusi alikuja kuchukua picha zake. Ulimbo alikuwa amempunguza mashavu kidogo na kumnyoosha shingo, kazi safi isiyoonekana. Bibi harusi akainama kando yake kuangalia skrini, na wakawa wawili mbele yake: mmoja kwenye picha, mpole, na mmoja pembeni, pua yake ikikaribia bega la Ulimbo, macho yamekwenda masikioni.

“Ndiye mimi hasa huyu,” yule wa pembeni akasema kwa furaha. “Hujanibadilisha hata kidogo.”

Ulimbo akaomba radhi, akatoka, akaenda kutapika.

Siku ya pili yake aligundua habari ya simu. Alikuwa ameiinua kumpiga picha mkewe ili kujua kama picha ingetoka nyoofu, na hata kabla hajabonyeza akamwona, pale kwenye kioo cha simu, mkewe mzima, na kidoti chake. Akaishusha simu: sura ikavutika. Akaiinua: ikarudi. Kuanzia jioni ile akawa anakula chakula ameinua simu kwa mkono mmoja, anaangalia familia yake kupitia hapo.

Mkewe alivumilia siku tatu. Ya nne akaweka kijiko chini.

“Baba Chiriku, unanirekodi?”

“Hapana.”

“Basi unanifanyia nini? Wiki sita hunitazami, sasa unanitazama kwa simu. Chiriku, nenda kaoge.”

“Nimeshaoga,” akasema Chiriku.

“Kaoge tena.”

Mtoto alipotoka, Ulimbo akasema yote. Alianza na dada wa mapokezi, akamaliza na kidoti. Mkewe alisikiliza akiwa amefumbata mikono. Alipomaliza, mkewe akasema, polepole: “Kama hii ni moja ya zile kadi zako, sitakusamehe.”

“Si mzaha.”

“Kama kuna mwanamke mwingine, ni afadhali useme mwanamke.”

“Hakuna mwanamke. Na yeye angekuwa na sura hiyohiyo.”

Mkewe aliniambia kwamba neno hilo la mwisho ndilo lililomfanya aanze kuogopa. Hakuwa bado amemwamini, lakini alijua kwamba mumewe huwa hasemi jambo kama hilo bila kucheka, na safari hii hakucheka.

Wakaenda zahanati. Daktari wa pale, kijana mwenye haraka, alimpima macho kwa herufi ukutani. Ulimbo alisoma zote hadi mstari wa chini kabisa.

“Macho yako mazima.”

“Najua. Ni nyuso. Zimevutika.”

“Zimevutika vipi?”

“Zimevutika… nyuma. Na mdomo unakuja huku.” Akajionyesha kwa vidole kwenye mashavu yake, akaonekana kama mtu anayemchekesha mtoto. Daktari akatabasamu, na Ulimbo akainamisha kichwa upesi asilione tabasamu hilo. Akaandikiwa wiki moja ya mapumziko.

Walipofika karibu na nyumba akasimama. “Maneno hayatoshi,” akasema. “Nitatengeneza picha.”

Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi, mkewe akaisogeza cherehani, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha pale mwanga ulipokuwa mzuri. Ulimbo akaweka kompyuta ya kubeba juu ya meza ya kushonea, kiasi cha hatua moja kutoka usoni pake. Kwenye skrini alifungua picha aliyompiga dakika hiyohiyo, kiti hichohicho, mwanga huohuo.

“Usicheke, usinune,” akamwambia. “Kaa tu.”

Akatandaza wavu juu ya picha. Akamwangalia mkewe. Ndiyo mara ya kwanza kwa wiki sita kumtazama usoni zaidi ya muda wa kupepesa. Jasho lilimtoka. Akavuta fundo la pembe ya jicho la kulia, akaangalia, akavuta tena. La kushoto lilikwenda mbali zaidi kuliko la kulia. Hakuwahi kuliona hilo kabla, kwa sababu hakuwahi kukaa aangalie. Mdomo aliufanya kwa brashi kubwa, mivuto miwili kila upande, lakini haukukaa sawa, ukawa kama wa chura kwenye kitabu cha watoto. Akaufuta, akaanza upya. Wa kweli haukuwa mpana tu: katikati ulibana na kuwa mwembamba, kama kitambaa kinachovutwa na watu wawili. Akachukua brashi ya kufinya. Hapo ukakaa.

Mkewe alisema kitu pekee alichokisikia kwa saa mbili ni kile kidude cha kipanya kikibofya, na pumzi za mumewe. Alimwona akiinua macho kwake na kuyashusha, kwake na kuyashusha, kama yeye anavyopima kitambaa. Mwishoni hakukuwa tena na woga usoni pa mumewe. Alikuwa na sura ya mtu aliye kazini, na hilo, alisema, lilimtisha kuliko woga.

Ulimbo akagusa kidoti, akakivuta kikawa mstari. Akaangalia picha, akaangalia mkewe. Picha. Mkewe. Hakukuwa na tofauti.

“Njoo uone,” akasema. “Lakini ujue si lazima.”

Akaja, akasimama nyuma ya bega lake. Hakupiga kelele. Aliangalia kwa muda mrefu sana. Mumewe akasikia mkono wake ukishika mgongo wa kiti.

“Huyu ndiye mimi?”

“Huyu ndiye ninayemwona.”

“Hata sasa nikiwa hapa nyuma yako?”

“Sijageuka.”

“Geuka.”

Akageuka.

“Hata sasa?”

“Hata sasa.”

Mkewe akavuta kiti, akakaa. “Na unakuja nyumbani kila siku,” akasema. “Unafungua mlango, unajua huyu anakusubiri ndani, na unafungua.”

“Ni nyumbani kwangu. Niende wapi?”

Hapo ndipo mama yule alipolia. Aliniambia hakulia kwa huruma wala kwa woga. Kwa wiki sita alikuwa ameamini mumewe amemchoka, alikuwa ameshafika mahali pa kupanga maneno ya kumwambia dada yake, kumbe mtu alikuwa akija kila jioni kukaa mezani na kitu kama kile, na kumbusu.

Safari hii walikwenda hospitali kubwa, kwa daktari wa ubongo, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Ulimbo hakueleza kitu. Aliweka picha mbili mezani, nyoofu na iliyovutika, halafu akamwonyesha mkewe aliyekaa kando. Daktari akavaa miwani. Akaangalia picha, akamwangalia Mama Chiriku, akarudi kwenye picha.

“Ulipima hivi ukiwa unamtazama yeye?”

“Saa mbili, daktari.”

“Na kwenye picha watu wako sawa? Kwenye simu?”

“Wako sawa.”

Daktari akatoka. Alirudi na mwenzake, wote wawili wakainamia meza. “Nimewahi kusoma habari za watu wanaoona hivi,” akasema. “Ni wachache sana. Kuonyeshwa, sijawahi.” Kisha akamuuliza Ulimbo kama katika siku za karibu na kuanza kwa hali hii aliwahi kuumwa kichwa ghafla, kudondosha vitu, kushikwa na ganzi. Ulimbo akasema hapana. Mkewe akasema ndiyo. Jumapili, siku moja kabla ya nyuso kuvutika, Ulimbo alipokuwa akifua, alidondosha beseni, akakaa chini saa nzima akilalamika mkono umekufa. Mumewe alikuwa ameshasahau.

Kipimo kikaonyesha alama ndogo nyuma ya kichwa, upande wa kulia, si kubwa kuliko punje ya dengu. Mshipa mdogo ulikuwa umeziba na kufunguka wenyewe. Sehemu ile, daktari alisema, ndiyo inayoshughulika na kuunganisha uso wa mtu. Alimpa dawa za kuzuia jambo hilo lisirudi. Kuhusu nyuso, alisema kweli: huenda zingerudi, huenda zisirudi, na hakuna wa kumwambia lini.

“Lakini huna wazimu,” akasema. “Hilo nakuandikia hata kwa muhuri ukitaka.”

Ulimbo akaomba aandikiwe. Barua ile aliileta kazini, akaibandika ukutani juu ya kompyuta yake, na sisi sote tukaisoma, tukaona aibu kila mtu kwa nafsi yake.

Alibaki Chiriku. Alikuwa ameshamuuliza mama yake mara mbili, “Baba amenikasirikia nini?” Wakaamua aambiwe. Ulimbo alimkalisha, akamweleza kama anavyoeleza mtu mgonjwa: kuna kitu kidogo kimeharibika kichwani, kinavuta sura za watu, si kosa la mtu.

“Na mimi umenivuta?”

“Sijakuvuta mimi. Kichwa ndicho kimekuvuta.”

“Nimekuwa zimwi?”

Baba yake akataka kusema uongo, akashindwa. “Kidogo.”

Chiriku akafikiri. “Basi niangalie mpaka uzoee,” akasema. “Mimi mwalimu wetu wa hesabu nilimzoea.”

Wakafanya hivyo kila siku baada ya shule. Mtoto alikaa kwenye kigoda, baba akakaa mbele yake, na saa ya ukutani ikahesabu dakika tano. Sharti lilikuwa moja: kutoangalia pembeni. Siku ya kwanza Ulimbo aliweza dakika moja, akaenda kunawa uso. Ya pili akaweza mbili. Mama mtu alikuwa akishona huku akisikiliza, na alisema nyumba yao haikuwahi kuwa na ukimya kama ule, mtoto asiyenyamaza ameketi kama sanamu, macho yamekodoka, anamtazama baba yake anayetetemeka. Kufikia wiki ya tatu walimaliza dakika tano zote. Sura haikuwa imebadilika hata unywele mmoja. Ila Ulimbo alikuwa ameanza kuiona kama sura ya Chiriku.

Mwezi wa nne kitu kikasogea, na kwanza kilikuja kibaya. Asubuhi moja mkewe alimletea chai, na upande wa kulia wa uso wake ulikuwa mnyoofu, wake kabisa, wakati wa kushoto ulikuwa uleule wa siku zote. Mpaka kati ya pande hizo mbili ulipita puani. Ulimbo alisema hiyo ndiyo siku pekee aliyopiga kelele. Uso uliovutika wote alikuwa ameshauzoea. Uso ulioshonwa kutoka kwa watu wawili hakuweza. Mkewe akaweka chai chini, akafunika upande wa kushoto kwa kiganja, akanywa naye chai hivyo, mkono usoni, mpaka akatulia.

Baada ya hapo masikio yakarudi, kisha paji la uso. Mdomo ulichelewa. Hadi mwaka ulipokaribia kwisha, nyuso nyingi zilikuwa zimekaa sawa, isipokuwa akichoka. Akichoka, pembe ya jicho la kushoto la kila mtu inakwenda nyuma kidogo, na anajua ni saa ya kufunga kazi. Kazi yenyewe hakuiacha. Bado anapinda nembo na kunyoosha maghorofa. Kadi za mizaha tu ndizo alizozikataa. Bosi alipotaka moja ya kumuaga mlinzi aliyestaafu, alimpa mwenzake aitengeneze, na ikatoka mbaya, imejaa mawimbi.

Kisha yule daktari wa miwani akampigia simu. Alikuwa na mgonjwa, bibi wa miaka sabini, anayeishi na binti yake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa hatazami watu. Ndugu walisema ana maringo, wengine wakasema ameingiliwa na pepo. Alikuwa amekubali kusema kwa mara ya kwanza, lakini alichosema hakikueleweka. Je, Ulimbo angeweza kuja na kompyuta yake?

Walikuja wao dukani, mchana, na mimi niliombwa nilete kiti cha ziada. Ndiyo maana niliyaona haya. Bibi aliingia ameinamisha kichwa, mkono wake mmoja kwenye bega la binti. Ulimbo alimwamkia, “Shikamoo, bibi,” naye akaitikia marahaba akiangalia sakafu. Binti akakaa karibu na dirisha. Ulimbo akampiga picha, akaifungua.

“Sasa bibi,” akasema, “mimi sijui unachokiona. Mkono ni wangu lakini macho ni yako. Tuanzie wapi?”

Bibi akainua macho kidogo, akamwangalia binti yake. “Jicho,” akasema. “Linashuka.”

“Lipi?”

“La huku.”

Ulimbo akalishika, akalishusha kidogo.

“Bado. Shusha. Shusha tena, mwanangu. Mpaka shavuni.”

Haikuwa kama yake. Yake ilikuwa imevutwa kwenda nyuma. Hii ilikuwa ikitiririka, kama nta iliyowekwa juani. Jicho likakaa shavuni, pembe ya mdomo ikamwagikia kidevuni, pua ikapinda kuzifuata. Bibi alikuwa sasa ameinuka kitini, kidole chake kiko kwenye skrini, anaelekeza kama fundi mkuu. Binti aliona kinachotokea kwa pembeni na midomo ikaanza kumtetemeka, lakini hakusogea.

“Hapo,” bibi akasema. “Hapo hapo. Usiguse tena.”

Akasimama akiiangalia, mkono kifuani. “Ndicho hicho,” akasema. “Miaka kumi na moja.”

“Mama,” binti akasema, “kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambiaje? Ningekuambia uso wako unamwagika?”

Binti akaja akamshika mkono, na mama akauacha mkono ushikwe, bado anaangalia skrini. Kisha akamwomba Ulimbo amchapie nakala mbili: moja ya daktari, na moja ya dada yake mkubwa aliyemwita mwenye maringo.

Ulimbo akatia karatasi mashineni. Ilikuwa saa kumi, alikuwa amechoka, na mimi niliyemjua niliona akiyafinya macho yake. Bibi akainua kichwa, akamtazama usoni moja kwa moja. Naye akamtazama bibi. Sijui kila mmoja aliona nini kwa mwenzake, lakini walikaa vile, hakuna aliyeangalia chini, mpaka karatasi ya kwanza ikaanza kutoka.